Re: Mwezi ujao natundika daluga – afya na furaha baada ya kazi

> Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi ujao nastaafu. Mambo ya pensheni yako sawa. Kinachonikosesha usingizi ni mengine: huku tunakoishi jirani hata jina lako halijui, watoto wana maisha yao, na daktari kaniambia tu "fanya mazoezi". Mliotangulia, siku zenu mnazipitishaje mkabaki wazima na wenye furaha?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika salama. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika wodi za wazee, na sasa nami ni mstaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Jiulize kwanza kazi ilikuwa inakufanyia nini zaidi ya mshahara. Ilikuamsha, ikakutembeza hadi kituo cha basi, ikakupandisha ngazi, ikakukutanisha na watu. Kwa wengi wetu tulio ugenini, kazi ndiyo pekee iliyokuwa inatutoa ndani. Ukiiacha, hayo yote yanaondoka siku moja. Wodini nimewapokea watu walioanza kudhoofika mara tu baada ya kustaafu, na kilichowaangusha ni kukaa.

Anza na miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano kutembea kwa haraka. Hapo wengi ndipo wanapoishia. Lakini ushauri unaendelea: mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kujisawazisha pamoja na ya nguvu siku 3 au zaidi. Sababu yake ni kuanguka. Duniani kote, katika vifo vinavyotokana na ajali, kuanguka ni kwa pili baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wazee.

Jipime leo hii. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama wima, kisha keti taratibu. Rudia. Ukihitaji kujisukuma kwa mikono, mapaja yamelegea, na dawa yake ni zoezi hilohilo kila siku. Halafu simama karibu na meza, mkono ukiwa tayari kushika, na uinue mguu mmoja. Utafiti uliotoka mwaka 2022, uliohusu watu wa miaka 51 hadi 75, uliona kwamba walioshindwa kusimama hivyo kwa sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Usitishike. Chukulia kama taarifa ya kukuambia uanzie wapi.

Dawa nazo: weka zote kwenye mfuko, pamoja na ulizojinunulia na za mitishamba, umpelekee mfamasia azipitie moja moja. Dawa za usingizi, na baadhi ya zile za mzio, humfanya mzee ayumbe usiku anapokwenda chooni.

Sasa watu. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya kundi la wanaume tangu 1938, na walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Kundi la simu halitoshi, ndugu yangu. Tafuta kitu chenye siku na saa yake, mahali ambapo usipoonekana watauliza uko wapi: kwaya, kikundi cha kutembea, kazi ya kujitolea. Kianze kabla hujaaga kazini.

Na masikio usiyapuuze! Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau ambayo tunaweza kuyashughulikia, na kupungua kwa usikivu ni mojawapo. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika lugha uliyokulia, neno likikupita unalijazia mwenyewe. Katika lugha ya ugenini huwezi, hasa chumba kikiwa na kelele. Mtu anachoka kubahatisha, anaanza kukwepa mikutano, watu wanadhani ana majivuno. Kumbe hasikii. Kapimwe, na ukipewa kifaa cha kusikia kivae.

> Shikamoo dada. Mume wangu alistaafu, sasa hataki kutoka. Analala mchana, anasema mgongo unamuuma, hamu ya kula hana. Nikimuuliza kama ana huzuni anakataa kabisa.

Marahaba. Pole sana, mdogo wangu. Wazee wengi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haiwajii kwa machozi. Inakuja kama uchovu, maumivu yasiyo na mahali, kukosa hamu. Inatibika, lakini aonwe na daktari, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali kama hiyo. Mkiwa nchi za kaskazini, ulizeni pia kuhusu vitamini D: ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na miezi ya baridi jua la huko halitoshi. Maumivu ya mifupa na misuli ni dalili mojawapo ya upungufu wake.

Akisema lolote la kutotaka kuishi, usisubiri miadi, piga simu ya dharura siku hiyohiyo.

Kama anakataa kwenda, weka miadi yako ya kupima shinikizo la damu na umwombe akusindikize. Wanaume wengi niliowahudumia walikuja hivyo, kwa ajili ya mke. Mwambie daktari mapema kwamba mtaingia wote wawili.