Hisa za mia mbili: bei chee au mtego?

DagaaKibirizi

Wakuu habari za jioni. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilishika adabu: mtaji wangu wote uko kwenye dagaa, na dagaa hakuna. Tangu siku hiyo kila giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, likiwa zuri naweka kitu pembeni. Nimefikisha milioni mbili na laki nne, nataka kujaribu Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nimepiga hesabu hivi. Hisa ya kampuni kubwa, tuseme elfu tano, napata 480 tu. Ya kampuni ndogo inayouzwa mia mbili napata 12,000. Ikipanda shilingi mia, nimelala masikini nimeamka na milioni moja na laki mbili juu. Kwa nini watu wananitisha?

MwalimuUjiji

Binti, nimefundisha hisabati miaka 31, kuzidisha kwako hakuna kosa. Kosa ni kudhani mia mbili ni bei chee. Mtu akikuuzia sado la dagaa na mwingine gunia, husemi sado ni rahisi kwa sababu pesa yake ni ndogo, unauliza kilo. Na hisa ni hivyo hivyo. Uliza hisa moja inabeba faida kiasi gani na mali kiasi gani baada ya madeni. Kuna ya mia mbili ambayo ni ghali mno.

Lakini hilo ni dogo. Lililoniuma mimi ni jingine.

Soko lina dirisha la kampuni ndogo na changa, lilifunguliwa 2013, Maendeleo Bank ikawa ya kwanza kuingia. Masharti yake ni mepesi kuliko ya soko kuu. Baadaye kidogo nami nikanunua hisa 4,000 za kampuni moja ndogo, jina naliacha, kwa 500. Milioni mbili za kiinua mgongo. Mwaka binti yangu wa mwisho alipopata chuo, nikampigia dalali nikamwambia uza. Bei kwenye taarifa ilikuwa 480, nikajua hasara ni ndogo, navumilia.

Siku 21 hakuna aliyegusa. Si kwamba bei ilishuka, mnunuzi hakuwepo! Nikateremka hadi 400, zikaondoka hisa 150. Nikateremka tena 360. Mpaka muhula unaisha nimeuza 900, ada nikalipa kwa mkopo wa mdogo wangu. Zilizobaki 3,100 ninazo mpaka leo, na ile 480 ilikuwa bei ya biashara moja iliyofanyika miezi kadhaa nyuma.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya hisa za kampuni hizi wanazo waanzilishi, hawauzi. Zinazozunguka ni chache, wanunuzi ni wachache zaidi. Oda ya mtu mmoja inatosha kuipandisha bei au kuiangusha. Na kila ukinunua, na kila ukiuza, makato ya dalali na soko yanakula kama asilimia mbili na ushee.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: kuna nyingine ndogo niliinunua watu wameikimbia, miaka mitano ikanipa mara tatu, na gawio, yaani mgao wa faida, juu, linalokatwa kodi asilimia 5 tu kwa kuwa imeorodheshwa. Ndogo ikipata mkataba mmoja mzuri faida inaruka mara mbili. Kubwa haina mruko huo. Ila hiyo sikuihitaji haraka, ndiyo maana ilinilipa.

AsaliSikonge

Mimi niko Tabora, nilichoka na mambo ya kungoja mnunuzi, nikahamia vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Nikitaka pesa nauza vipande, siku chache iko benki. Faida haina maajabu lakini nalala.

Kama ni benki ndogo, dada, hesabu zao hutoka magazetini kila robo mwaka. Angalia mikopo chechefu, ile isiyolipwa vizuri. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Ukikuta 15, funga gazeti.

DagaaKibirizi

Shikamoo mwalimu, asante na Sikonge. Nimekuelewa kwa upande wangu: mbalamwezi ikiwaka vipe, mitumbwi ya dagaa, haviingii ziwani, mwenye shida ya pesa siku hizo anakuuzia dagaa wa stoo kwa bei ya kilio. Mimi huwa ndiye ninayenunua.

Kwa hiyo milioni moja na laki tisa naibakiza, laki tano ndiyo itaingia, na siigusi miaka mitano hata ziwa lifungwe tena.

Sasa mwalimu, hizo 3,100 zako bado ziko sokoni? Kwa 360 siziwezi.

MwalimuUjiji

Marahaba. Kumbe nimefundisha mfanyabiashara! Njoo inboksi nikutajie kampuni, usome hesabu zake za miaka mitatu kwanza. Ukiona zinafaa, weka oda yako kwa dalali wako, nami nitaweka yangu 330. Pesa usiniletee nyumbani, hisa haziuzwi barazani.

DagaaKibirizi

300.