Zaka ya duka la rejareja: bidhaa nazihesabu kwa bei ipi, na deni la mali kauli nalitoa kwenye hesabu?

MwenyeRafu
Assalaam alaykum. Duka langu ni la rejareja: mchele, sukari, mafuta, sabuni, pamoja na uwakala wa pesa za simu. Mwaka wangu wa zaka unatimia 15 Shaabani. Bidhaa zilizopo, kwa bei niliyonunulia, ni kama milioni 18. Pesa mkononi pamoja na floti (pesa ya kuendeshea uwakala) ni 4,200,000. Wateja wa daftari nawadai 2,600,000, na humo 900,000 ni za watu waliohama mtaa na simu hawapokei. Mimi nadaiwa mali kauli, yaani bidhaa nilizochukua kwa mkopo, 3,500,000. Kuna friji mbili, rafu, mizani na pikipiki ya kupelekea mizigo.

Naomba kujua: bei ipi natumia? Deni linapunguzwa? Nikiwasamehe wale wa 900,000, inahesabika kuwa zaka? Na hii kawaida ya Ijumaa za Ramadhani kupanga watu foleni na kumpa kila mmoja 1,000, inatosha?

Kipimo
Waalaykum salaam. Kwanza futa hesabu ya milioni 18. Bidhaa ya biashara huthaminiwa kwa bei ya siku mwaka unapotimia, si bei ya risiti ya zamani. Sukari uliyonunua 2,600 kwa kilo ikiwa leo jumla ni 2,900, andika 2,900. Wapo wanaosema mwenye rejareja atumie bei yake ya kuuzia. Wengi wa wanazuoni wa sasa wanamruhusu bei ya jumla, maana ndiyo ambayo angepata akiuza duka zima siku hiyo. Chagua moja, ushike hiyo kila mwaka, usirukeruke kufuata iliyo nafuu.

Funga duka usiku mmoja mhesabu watu wawili, mmoja anataja, mwingine anaandika. Kilichokwisha muda wake ni sifuri. Unga ulioingia wadudu, andika bei ambayo mfugaji wa kuku angeutwaa. Friji, rafu, mizani na pikipiki vyote nje, ni vyombo vya kazi. Pikipiki ingeingia tu kama uliinunua ili uiuze.

Floti ni mali yako, iwe kwenye simu au kwenye droo, isipokuwa ile uliyokopeshwa na wakala mkuu. Mawakala wengi huisahau kabisa.

Kosa kubwa ninaloliona madukani ni mtu kuchukua mauzo ya mwaka mzima, au faida peke yake, akaipiga asilimia 2.5. Zaka ya biashara ni asilimia 2.5 ya kilichopo siku ile: bidhaa, pesa, na madeni yanayolipika. Faida imo humo humo, haisubiri mwaka wake.

Ukoka
Kwenye deni madhehebu yanatofautiana, na tofauti inaonekana mfukoni. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafii ambao ndio wengi pwani yetu, ni kwamba deni halipunguzi zaka: mali iko mikononi mwako, unaitumia. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wanalitoa kwenye hesabu. Wanaolitoa nao hawatoi deni la miaka mitano ijayo; wengi wao leo wanatoa linalodaiwa sasa, na mali kauli ya mwezi ndiyo hiyo.

Hao 900,000 waache nje mwaka huu. Wakilipa, Mashafi wanataka uzitolee kwa miaka yote iliyopita, Imamu Malik anasema mwaka mmoja. Kuwasamehe ukaandika "zaka imetoka" hakukubaliki kwa wanazuoni walio wengi, kwa sababu hukumkabidhi mtu kitu. Umeokoa tu pesa ambayo ungeikosa. Unaweza kumpa zaka mdaiwa wako fukara, naye akitaka kukulipa kwa hiyari yake ni sawa. Ukimwekea sharti la kukurudishia, imebatilika.

MwenyeRafu
Nimehesabu upya kwa bei ya jumla: bidhaa 19,400,000. Nikijumlisha 4,200,000 na 1,700,000 za daftari napata 25,300,000. Lakini sonara ananiambia gramu ya dhahabu safi ni 300,000. Gramu 85, ambazo ndizo nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka), ni 25,500,000. Basi sina zaka?

Kipimo
Kwa dhahabu umepungukiwa laki mbili, na ukitoa deni unapungukiwa zaidi. Kwa fedha, yaani madini ya silva, nisabu ni gramu 595. Hata gramu ikiwa 3,500 nisabu ni 2,082,500 tu, umeivuka mara kumi na zaidi. Pesa za karatasi wapo wanaozipima kwa dhahabu, wapo wanaozipima kwa fedha kwa kuwa inamfaa zaidi masikini. Mwenye duka lililojaa mchele akijiita hana kitu kwa sababu dhahabu imepanda, mimi sioni kama hesabu hiyo inakaa vizuri. Shika fedha.

25,300,000 × 2.5% = 632,500. Ukifuata wanaotoa deni: 21,800,000, zaka 545,000. Ubishi wote ni wa 87,500.

Hiyo ni kwa mwaka wa mwezi, siku 354. Anayefunga vitabu Desemba, mwaka wake ni mrefu zaidi, hivyo atumie 2.577%.

Dau
Kuhusu foleni: ukigawa 632,500 kwa elfu moja moja umepata watu 632, hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye shida, na hujui nani kati yao ni fukara. Halafu msongamano mlangoni huumiza wazee. Elfu moja moja itoe kama sadaka.

Walengwa ni wanane, wametajwa katika Sura ya Tawba aya ya 60. Kwa duka la mtaani wa kuangalia hasa ni mafukara, masikini na wenye madeni. Mfano: 400,000 kwa mama wa maandazi aliyekula mtaji, anunue unga, mafuta na jiko, 232,500 kwa anayedaiwa kodi ya chumba. Mkabidhi mwenyewe. Ukitaka kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, pata idhini ya mdaiwa kwanza.

Mke, watoto na wazazi hawapewi, kuwalisha ni wajibu wako. Dada, kaka, shangazi na mjomba wakiwa masikini wanapewa, na hulazimiki kumwambia kuwa ni zaka. Kujenga msikiti, wengi hawakubali. Toa kutoka fungu jingine.

Na usitoe mchele uliokwama stoo badala ya pesa. Mashafi wanataka thamani kwa pesa, Mahanafi wanaruhusu bidhaa, lakini hata wao hawakusudii kusafishiana stoo.

Kama huna muda wa kutafuta wahitaji, Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Bara, muulize imamu wa mtaa akutajie nyumba, nenda ukaone mwenyewe kabla ya kutoa.

MwenyeRafu
Nimeelewa, nafuata 632,500. Naweza kuanza kutoa kidogo kidogo toka Rajabu?

Ukoka
Unaweza, kutanguliza kunaruhusiwa ndani ya mwaka huo. Andika tarehe, kiasi na nia yako ukurasa wa mwisho wa daftari, kisha 15 Shaabani hesabu upya na ujazie kilichopungua. Usichokubaliwa ni kuchelewesha baada ya hapo ilhali pesa ipo na wahitaji wapo.