Doktora yenye promotere (wasimamizi) wawili wa fani tofauti: nichague mumoja ao niendelee na bote?

Mama_Kadutu:
Jambo bandugu, heshima kwa bakubwa bote humu ndani. Niko asistenti kwenye institi moja ya afya hapa Bukavu, nilisoma unesi kisha masta ya afya ya jamii, sasa nataka kuingia doktora maana kwetu bila ile karatasi unabakia asistenti paka uzeeke.

Suje (mada) yangu ni konzo. Munaijua, ile ugonjwa ya miguu kukazana ghafla, mutoto analala muzima, asubui anashindwa kusimama, na haiponi tena. Watu banafikiri ni kitu ya Bandundu tu, kule mangaribi ya Congo, lakini watafiti wa hapa hapa kwetu walishaandika kama iliingia Kivu ya Kusini wakati wa vita, pande za Burhinyi. Inatoka kwa mihogo michungu yenye haikulala kwa maji siku za kutosha, sianidi inabakia ndani, na kama kwa sahani hakuna samaki wala nyama wala maharagi mwili unakosa nguvu ya kuitosha.

Mimi nataka kupima mukojo ya batoto nijue sumu kiasi gani inapita kwa mwili, kisha nikae na bamama niulize juu ya nini banatosha mihogo kwa maji siku ya pili wakati banajua inaomba tatu ao ine, kisha niifate ile mihogo paka soko ya Kadutu kwenye inauziwa. Kwani bamama banajua, njo kitu inanishangaza! Mumoja aliniambia hivi: nikiiacha siku ine kwa mutoni nitakuta mwenye bunduki ashaibeba, afazali nile ile yenye haijaiva kuliko kulala njaa.

Sasa shida. Dokta mwenye alikubali kuniongoza alichora bic nyekundu kwa sehemu yote ya bamama, akasema weka hii kwa utangulizi, kurasa mbili inatosha, hii si sayansi. Prof wa sosioloji naye anasema mukojo niachie batu ya labo, niende nikae kijijini mwaka muzima. Na chefu wa depatema anauliza kitu kimoja tu, diplome itaandikwa fakilte gani? Nichague mumoja? Ao kuko fasi kwenye banafundisha doktora ya namna hii, ya kuchanganya? Niko na batoto watatu na masaa ya kufundisha, mwaka muzima kijijini siwezi.

Sambaza_Ibanda:
Dada, swali ya chefu wa depatema inakera lakini njo swali ya kwanza kujibu. Diplome inatoka na jina ya fakilte moja, jiri (maprofesa wenye kukuhukumu) inaitwa na fakilte moja, na siku ya kupanda cheo banaangalia ile. Kwa hiyo chagua nyumba. Kama uko na masta ya afya ya jamii jiandikishe afya ya jamii, pale ndani kuko nafasi ya watu wa takwimu na ya watu wa mahojiano, usiende kuombea fasi kwa tiba ya kliniki kwenye batakuuliza mishipa na ubongo paka utoke jasho.

Ila kuchagua nyumba si kukata swali yako vipande, na hapo dokta wako simufate. Soma historia ya konzo yenyewe. Iliandikwa kwanza na daktari Trolli mwaka 1938, Kwango, pande za Bandundu. Mwaka 1981 kaskazini ya Msumbiji, Nampula, watu zaidi ya elfu moja walipooza miguu, na kati ya madaktari wenye walikuwa kule alikuwa Hans Rosling wa Swideni, alikuwa bado kijana, hajulikani. Wangebakia kwa mishipa wangetafuta virusi paka leo. Walienda kuangalia watu wanakula nini, wakakuta ukame umeua mazao yote isipokuwa mihogo michungu, na njaa inawafanya waitengeneze haraka haraka. Teze (kitabu ya doktora) ya Rosling kwa chuo kikuu cha Uppsala, 1986, njo ile. Na kule Bandundu barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa wanunuzi wakaanza kuja na malori, watu wakapunguza siku za kulowesha juu ya kuuza mbio, na konzo ikaonekana kwenye haikuwa. Sasa niambie, barabara na lori ni utangulizi ya kurasa mbili? Hiyo njo sababu ya ugonjwa, mukojo inakuonyesha tu kama sababu imeshapita.

Mwana_wa_Karavia:
Bana Bukavu jambo yenu, miye niko Lushi (Lubumbashi). Nitasema kintu chenye mama hatapenda. Kila mutu akisikia kuchanganya fani anafurahi, lakini wewe si timu, wewe ni mutu mumoja mwenye batoto watatu.

Angalia shiye huku. Kolwezi mu mutaa wa Kasulo bantu walichimba kobalti mu parseli, chini ya nyumba zenyewe. UNILU, chuo kikuu cha huku Lubumbashi, na KU Leuven ya Ubelgiji walienda kupima vumbi ya mu nyumba, damu, mukojo, wakakuta batoto njo wako na kobalti mingi zaidi, ikatoka 2018 mu jurnali Nature Sustainability. Kazi ya fani mingi kweli, mulikuwa mwenye kujua sumu, mwenye kujua mawe, mwenye kujua udongo, madaktari. Lakini kila mumoja alikuja na kintu yake imara! Hakuna hata mumoja alijifanya yote. Doktora ni ya kukufanya ukuwe imara mu kintu kimoja kwanza. Minaona paka doktora za siku hizi zenye ziko na kestionere kidogo, mahojiano kumi, labo kidogo, na kwa jiri kila prof anakuta fani yake imefanywa vibaya.

Kwa hiyo miye ningetupa soko. Mukojo na bamama, basi. Soko utafanya ukisha kuwa prof na banafunzi wako.

Goma_Himbi:
Naungana na Karavia kuhusu soko lakini ile kusema "hii si sayansi" inanipandisha presha. Sisi huku tulikaa na Ebola kuanzia 2018 paka 2020, watu 2,287 walikufa kati ya 3,470 walioambukizwa, na chanjo ilikuwepo, dawa mpya zilikuwepo. Kilichokosa mwanzoni ni mutu wa kusikiliza Beni na Butembo zinasema nini, kwa nini watu wanakimbia timu, kwa nini wanaficha maiti. Wanasayansi wa jamii walipoanza kukaa kwenye meza moja na ma epidemiolojisti kazi ilibadilika. Sasa mutu amepita pale pote na bado anachora bic nyekundu?

Swali yangu nyingine dada: nani analipa?

Toka_Uvira:
Kuhusu fasi za kufundishia. Mimi niko Nairobi kwa sasa kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kuna CARTA, mpango wa pamoja wa vyuo vya Afrika wa kufundisha doktora, ilianza 2008, inaongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha hapa Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Inachukua walimu wa vyuo wanaofanya doktora ya afya ya jamii kwa maana pana, kwa hiyo unakuta nesi, mtu wa demografia, mwanasosholojia, hata mtu wa sheria, darasa moja. Wanapitia makambi manne ya masomo ya pamoja, kila moja wiki kadhaa, katikati mtu anarudi chuoni kwake kuendelea na utafiti. Nilichokipenda kwa wale ninaowajua waliopita humo ni kwamba unalazimishwa kueleza protokole (mpango wa utafiti) yako mbele ya mtu ambaye hajui fani yako kabisa, na yeye ana haki ya kukuuliza kwa nini. Mtu wa takwimu anamwambia mtu wa mahojiano "sielewi ulivyochagua hawa", mtu wa mahojiano anamwambia mwenzake "kisanduku chako cha ndiyo na hapana kimeficha nini". Hapo ndipo mtu anakomaa, si kwenye semina ya siku mbili ya chai na cheti.

Ubaya ni kwamba lazima uwe mwajiriwa wa chuo mwanachama. Makerere imo, Nairobi imo, Moi, Ibadan, Rwanda pia, ya kwetu Congo sikuona hata moja. Kwa hiyo kwako njia ya kawaida ni Ubelgiji, kwa wanaolipia masomo: ARES kwa upande wa Kifaransa, VLIR-UOS kwa upande wa Kiflemi, na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Nyingi zinatoa doktora ya kwenda na kurudi, unakaa kule miezi michache kwa masomo na uchambuzi, kisha unarudi nyumbani kwenye kazi na data yako. Kwa mama wa watoto watatu hiyo ndiyo inayowezekana. Inataka promotere wa kule na promotere wa huku, na hapo wale wawili wako wanakuwa faida, maana unaweza kumweka mmoja promotere na mwingine kwenye komite ya kukusindikiza.

Mama_Kadutu:
Aksanti sana bote, yaya Sambaza nimecheka ile ya jasho. Karavia umenikata roho lakini nimesikia, soko ninaitosha. @Goma_Himbi kwa sasa ni mushahara yangu njo inalipa, kwa hiyo jibu ni hakuna.

Lakini bado sijapata jibu ya kitu moja. Mukojo na bamama nabiunganisha namna gani? Kama nafanya sehemu moja ya namba, sehemu moja ya maneno, si itakuwa teze mbili zenye zimefungwa kwa jalada moja? Promotere wa sosioloji njo anasema hivyo na sikukuwa na cha kumujibu. Na mukojo yenyewe, umeme tunajua vile iko, ninaogopa kuibeba kutoka milimani ifike imeharibika.

Mwalimu_Nguba:
Binti yangu, pole na kazi. Nimeongoza teze kidogo katika maisha yangu, na swali hii ya jalada moja ndiyo swali bora imeulizwa hapa, ile ya fakilte ni ya karani.

Kuunganisha hakufanyike kwa sura ya mwisho. Kunafanyika siku ya kuchagua watu. Fanya hivi: anza na mukojo, chukua familia nyingi kwa vijiji vyako, pima. Utakuta familia mbili zinakaa kilima kimoja, zinakula mihogo ya aina moja, zinachota maji ya mutoni mumoja, lakini kwa moja watoto wana thiosianati (alama ya sianidi kwa mukojo) ya juu na kwa nyingine iko chini. Basi nenda ukakae na bamama wa zile familia mbili, si na mama yeyote mwenye umekuta njiani. Hapo mahojiano yako yamechaguliwa na labo. Mama wa pili anafanya nini mwenye wa kwanza hafanyi? Labda analowesha kwa beseni ndani ya nyumba badala ya mutoni, labda mume anatuma samaki, labda ana deni kwa mununuzi, hujui. Kisha yale utasikia kwake yanarudi kuwa maswali kwa kestionere ya awamu ya pili, unapima tena kwa wengi. Yaani namba inakutuma kwa mama, mama anakurudisha kwa namba. Hakuna mutu wa jiri ataweza kuikata mara mbili kwa sababu ukitoa upande mumoja wa pili unaanguka.

Andika kwa artikle tatu kama fakilte yako inakubali teze ya artikle: moja ya vipimo, moja ya bamama, ya tatu ya kuonyesha vile viwili vinajibizana. Ile ya tatu iandike wewe na promotere wote wawili, na uwape kazi mapema, kwa maandishi, nani anasema neno ya mwisho juu ya nini. Dokta aamue juu ya vipimo, sosiolojia aamue juu ya mahojiano, na wote wawili wasome kila kitu. Usikubali kukutana na mumoja mumoja kwa ofisi yake tena. Waite pamoja, hata kwa WhatsApp, maana mutoto wa wazazi wasiosemezana njo anabeba barua.

Kwa mukojo usiogope sana. Kuna kipimo cha karatasi ya pikrati kilitengenezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, karatasi inageuka rangi na unalinganisha na kadi, hakiombi mashine kubwa, kuko cha mukojo na kuko cha unga. Kinafanyika kwa chumba cha kituo cha afya.

Na jambo komite ya etike (maadili ya utafiti) itakuuliza, na iko na haki: ukikuta mutoto ana sumu ya juu, utafanya nini siku ile ile? Huwezi kuandika namba kwa daftari ukashuka Bukavu. Yule Bradbury na wenzake wa Congo walifundisha namna rahisi, Popokabaka kule Bandundu: unachukua unga, unaulowesha kwa maji, unautandaza mwembamba kwa mukeka saa mbili kwa jua ao saa tano kwa kivuli, sianidi inatoka kwa hewa, jioni unasonga bugali. Haiombi siku ine kwa mutoni. Weka hiyo ndani ya protokole kabisa, kila familia ifundishwe, si wale wenye namba mbaya tu.

Mwana_wa_Karavia:
Mwalimu, ile ya kuchagua bamama na mukojo imenimaliza. Lakini ukisha kufundisha familia zote awamu ya kwanza, awamu ya pili utapima nini? Kila mutu atakuwa amebadilika.

Mwalimu_Nguba:
Ndiyo, na ni afazali. Awamu ya pili anapima nani alibadilika na nani hakuweza, na juu ya nini. Kwa sehemu kwenye mama anakimbia na unga kwa kichwa hata zile saa mbili za jua hazipo. Hiyo ni artikle ya tatu.

Sambaza_Ibanda:
Nyongeza ndogo. Artikle za kusoma usinunue hata moja: uliza institi yako kama imejiandikisha HINARI, maktaba ya mtandao ya OMS (Shirika la Afya Duniani), kwa nchi kama yetu ni bure, na jurnali mingi kubwa zinasamehe malipo kwa watafiti wa nchi maskini lakini lazima uombe kabla ya kutuma, si kisha. Yule anayekuandikia imeli kukusifu na kutaka dola mia mbili kesho, mufute. Kestionere ingiza kwa KoboToolbox, programu ya simu, inakusanya bila rezo (mtandao) na unatuma ukifika mjini.

Goma_Himbi:
Na burse (pesa ya masomo) ikija, andika mapema itapita wapi. Benki huku na kwenu zilifungwa mwanzoni mwa 2025, kuna asistenti walikaa miezi na barua ya burse mufukoni bila franga. Watu wengi walipitishia Rwanda.

Mama_Kadutu:
Mwalimu, aksanti sana, nitaandika kurasa mbili za namna ya kuchagua familia na ninatuma kwa bote wawili kwa imeli moja, bajibizane mbele yangu. Sasa kama kuko mutu humu alishaagiza ile karatasi ya pikrati, ilipitia wapi? Kamembe ao Bujumbura, na duane (forodha) walikuomba nini?