Mama anachanganya mwarobaini na vidonge vya kisukari: je, ni salama?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, anaishi na kisukari na hutumia metfomini pamoja na glibenklamaidi kama alivyoandikiwa kliniki. Mwezi uliopita jirani alimletea unga wa majani ya mwarobaini, naye akawa anakoroga kijiko kizima katika maji ya vuguvugu kila asubuhi. Juma lililopita, kabla hajapata kifungua kinywa, tulimkuta ameketi kwenye kigoda jikoni, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, na anamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mdogo wake. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 2.6, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Tulimnywesha maji ya sukari, akatulia. Sasa anashikilia kwamba majani ya Mungu hayamdhuru mtu, na kwamba kama kuna cha kuacha, basi ni vidonge, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye kemikali. Nimjibu nini?

Jibu la kwanza (mfamasia)

Pole sana kwa yaliyomfika mama. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho, lakini glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mgonjwa hajala, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwarobaini nao umeonekana, hasa katika majaribio ya wanyama, kushusha sukari. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama alikuwa anavutwa upande mmoja na dawa mbili, huku daktari akijua moja tu. Kidonge kina miligramu zinazofahamika, ilhali kijiko cha unga hakina kipimo, maana nguvu yake hubadilika kwa umri wa jani, udongo na namna lilivyokaushwa.

Kuhusu kemikali, mweleze kwa upole kwamba metfomini yenyewe ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis, na kwamba dawa mseto ya malaria ina kiini kilichotolewa katika Artemisia annua, ugunduzi uliompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Asimamishe unga, kisha mpelekeni kliniki mapema, na kopo la unga mlibebe.

Jibu la pili (mtabibu wa tiba asili)

Nakubaliana na mfamasia, ingawa sipendi mwarobaini uhukumiwe peke yake. Parasetamoli ikizidishwa huharibu ini, na hakuna anayeiita sumu. Sisi tuliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 tuna wajibu wa kumuuliza mgonjwa vidonge anavyomeza kabla ya kumpa chochote. Unga wa jirani, usio na lebo wala kipimo, siwezi kuutetea, na mtu yeyote anayemwambia mgonjwa wa kisukari atupe dawa za hospitali si mwenzetu.

Jibu la tatu

Mimi namuuguza baba mwenye shinikizo la damu. Nilichojifunza ni kwamba wazee huficha mitishamba kwa kuogopa kufokewa na wahudumu. Andika kila anachotumia kwenye daftari la kliniki, chai ya tangawizi ikiwemo, ili asilazimike kueleza kwa mdomo.

Muuliza swali

Ahsanteni nyote. Tulikwenda jana. Muuguzi alipouliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, mama alijibu kwamba hakuna, kisha akanitazama. Nikaliweka kopo mezani. Daktari hakufoka. Ameiondoa glibenklamaidi, ameagiza kipimo cha figo, na anataka tumpime sukari kila asubuhi kwa majuma mawili. Mama amekubali, kwa sharti kwamba mwarobaini uliobaki auogee.