Mkuu wa idara kanihesabia maswali, nimenuna

Mwl_Chaki:
Walimu wenzangu, wiki iliyopita mkuu wa idara alikaa nyuma ya darasa langu na daftari lake, kipindi kizima. Kengele ilipolia akaniambia hivi tu: "Umeuliza maswali 19, 16 umeyajibu mwenyewe." Alikuwa amechora vijistari, kila swali na chake. Nikashukuru kwa tabasamu, nikaenda kujifungia stoo ya vitabu nimefura.

Jioni nikawa nasahihisha insha. Kwa mtoto mmoja nikaandika kwa wino mwekundu "Jitahidi zaidi", nikataka kufunua ya mwenzake, mkono ukagoma. Mwenzangu kanihesabia hadi vijistari. Mimi mtoto nampa maneno mawili yasiyomwonyesha hata pa kuanzia! Nyinyi huandika nini? Na mkikosolewa mnafanyaje msinune?

Bi_Rasimu:
Pole, ila huyo mkuu usimwachie. Mimi kila nikikaguliwa naambiwa "somo zuri", basi. Zuri wapi?

Kwenye insha, rasimu ya kwanza siweki alama, naandika maoni tu. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alilichunguza hili mwaka 1988: waliopewa maoni pekee ndio waliopiga hatua, waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika vile. Ndivyo ilivyo hata darasani kwangu. Akiona 11/20 anachungulia ya jirani, maoni hayasomi.

Mstaafu_mtarajiwa:
Nuna, mwalimu, ila mpaka kesho yake tu. Mimi nikisemwa naandika neno kwa neno, sijitetei, nasoma asubuhi. Na hayo maswali 16 si yako peke yako. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima madarasa miaka ya 1970 akakuta walimu wakiuliza husubiri kama sekunde moja hivi, basi. Jaribu tatu.

Mwl_Chaki:
Nimejaribu leo. Jamani, sekunde tatu ni ndefu! Nilikuwa nazihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu. Ya pili ilipopita, binti asiyesemaga kitu akanyoosha mkono. Akakosea, lakini alinyoosha.

Ile insha nimefuta, nikaandika: "Unasema bibi alikasirika. Mikono yake ilikuwa inafanya nini?" Imerudi na sentensi mpya: "Bibi alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena."

Mkuu wa idara nimemwomba aje tena Alhamisi. Bado nimenuna kidogo.