Mafuta ya boti ziwani Kivu: tuliachie jua?

HOJA: Kuna wanaotaka kila boti inayotia mazutu au esansi kwenye bandari za Bukavu ibebe vitambaa vya kunyonya mafuta. Wengine wanasema ni kutupa pesa, jua litayamaliza. Ninyi?

BAHARIA: Jua linatosha. Utando wa mafuta wa asubuhi, jioni huuoni.

MKEMIA, IBANDA: Kutouona si kwisha, ndugu. Mwanga huvunja molekuli inayoumeza tu. Benzeni ya kwenye esansi humeza mwanga wenye mawimbi mafupi, chini ya nanomita 280 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga), na huo ozoni imekwisha kuuzuia huko juu. Benzeni ikitoweka, mara nyingi imeruka hewani tu. Anthraseni, kemikali nyingine ya mafuta yenye pete tatu za kaboni, humeza hadi karibu nanomita 380, mwanga unaotufikia: kwenye maji maangavu, jua la saa sita, nusu yake huisha kwa saa moja hivi. Naftaleni, nayo ya mafuta, pete mbili, huchukua siku kadhaa.

BAHARIA: Basi angalau hiyo anthraseni inakwisha!

MKEMIA: Inageuka anthrakwinoni, pete zote tatu zipo palepale. Na kabla ya hapo, ikiwa ndani ya kifaranga cha samaki ambaye mwili wake unapitisha mwanga, jua huiamsha na inamuua kwa kiasi ambacho kivulini kisingemdhuru.

MWALIMU, KADUTU: Mkubwa, umeruka jambo. Mabaki ya majani yaliyooza na nitrati vikipigwa na jua huzaa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vikali mno, navyo hushambulia hata benzeni. Ila polepole. Na mabaki hayohayo hutia maji rangi ya chai, na rangi hiyo hukata mwanga. Mvua ikinyesha, mto Kawa ukishusha udongo, sentimita chache chini ni giza.

MAMA WA BAGIRA: Na chupa za maji tunazoanika juani juu ya mabati?

MWALIMU: Hizo ni za kuua vijidudu, mama. Chupa angavu isiyozidi lita 2, saa 6 juani, siku 2 kukiwa na mawingu. Isimamishe juu ya gazeti: ukichungulia toka mdomoni usisome kichwa cha habari, maji ni machafu mno, chuja kwanza. Mafuta hayatoki humo. Plastiki inazuia mwanga uleule naftaleni inaouhitaji, na kifuniko kinafungia benzeni ndani. Maji yanayonuka esansi msiyachote.

BAHARIA: Vitambaa ni ghali, wakubwa. Tujazie bidoni nchi kavu, kwa faneli, sinia chini yake.

MKEMIA: Hapo nakuunga mkono, ila boti kubwa haijazwi kwa bidoni. Na wanaomwagia utando sabuni ya unga waache: mafuta yanakatika matone madogo, yanasambaa ndani ya maji, mbali na hilo jua mnalolitegemea.