Gari la zamani lililoshushwa linagonga sana, nianzie wapi?

Chini_Kidogo: Wakuu, habari zenu. Nina Honda Civic ya 1994, niliinunua ikiwa imeshashushwa. Naipenda ilivyokaa chini na sitaki kuirudisha urefu wa kiwandani. Shida ni inavyotembea: tuta dogo tu, hata nikiwa mwendo wa kinyonga, mbele inapiga "ko!" kama nyundo. Juzi nilimpakia mama, njia nzima alishikilia mpini wa mlango kwa mikono miwili. Iliniuma sana. Rimu ni 16, tairi 205/40. Fundi anasema nibadilishe shokapu zote nne. Nikubali?

Mzee wa Bushi: Usinunue kitu kwanza, kijana. Piga jeki, weka stendi, toa tairi, kisha jaribu kuizungusha springi kwa mkono. Ikizunguka kirahisi mguu ukiwa unaning'inia, ni fupi mno. Tazama na ncha yake: iliyokatwa kwa grinda utaijua, ina makali na kutu. Springi ikikatwa inazidi kuwa ngumu, kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua, na inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Hapo si suala la raha tena, ni usalama wako na wa mama.

Pandisha na kava la vumbi la shokapu uone ile raba ya juu kwenye fimbo, inayozuia shokapu isigonge mwisho, kama bado ipo.

Rimu15: Na hizo tairi zinachangia, mkuu. Ukuta wa 205/40 ni milimita 82 tu. Ukishuka rimu 15 ukafunga 195/50, unapata karibu 98, na kimo cha tairi zima kinaongezeka milimita 6 tu.

Mzee wa Bushi: Kweli, ila tairi zingoje. Kwanza tujue kinachogonga.

Chini_Kidogo: Nimeangalia, mzee wangu. Springi za mbele zinazunguka kwa kidole na ncha zimekatwa. Raba ya kulia imebaki vipande, ya kushoto imekatwa nusu. Nikafunga zipu ya plastiki (ile ya kubania nyaya) kwenye fimbo ya shokapu, nikaisogeza hadi chini, nikazunguka mtaa taratibu bila kupita tuta lolote. Niliporudi, ilikuwa imesukumwa juu hadi kwenye raba.

Mzee wa Bushi: Basi ndiyo hiyo. Gari lako halina nafasi ya kushuka, kila shimo linaishia kwenye raba. Ungefunga shokapu mpya juu ya springi hizo, zingegonga vilevile na kufa mapema. Tafuta springi zilizotengenezwa kwa kushushia, kama sentimita 3 hivi, na shokapu fupi zinazoendana nazo, pamoja na raba mpya. Mbele itapanda kidogo, ikubali.

Halafu bushi, yaani zile raba za kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Kwenye Civic hizi, ile kubwa ya mkono wa nyuma huwa imepasuka. Na hili mafundi wengi hulipuuza: bolti za bushi zikazwe mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Ukizikaza mguu ukining'inia, gari likishuka raba ya bushi inabaki imejipinda, inakuwa ngumu na kuchanika haraka.

Dada Gia: Niongezee: chukua bushi za raba, si za poliyurethani, ile plastiki ngumu. Nilifunga za poliyurethani, usukani ukawa mkali kweli, ila kila kokoto nililisikia kwenye kiti.

Rimu15: Mwisho kabisa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Gari likibadilika urefu, tou (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) nayo inabadilika, na hiyo hula tairi upande wa ndani kuliko hata kemba (tairi kulala upande).

Chini_Kidogo: Mrejesho, wakuu. Springi, shokapu, raba na bushi za nyuma zimeingia. Nilisimama na fundi mpaka bolti zikakazwa gari likiwa chini. Zipu sasa inaishia vidole viwili kabla ya raba, hata nikipita tuta. Ile "ko!" imeisha. Mama amepanda jana, ameongea njia nzima. Imebaki "tok tok" mbele kushoto nikikata kona polepole. Itakuwa nini?

Mzee wa Bushi: Hongera, mwanangu. Piga jeki upande huo, shika tairi juu na chini ulitikise, mwenzako aweke kidole kwenye bolijointi, lile ungio la duara linaloruhusu gurudumu kukata kona. Akisikia inacheza, usiendeshe mbali kabla hujaibadilisha.